Nyaya za kitambaa kwa magari ya kale: kipi cha kuagiza, kipi cha kuacha

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1950 hayakuwa na nyaya za plastiki zinazojulikana leo. Waya wa wakati huo ulikuwa na shaba ndani, mpira juu yake, na nje kabisa uzi wa pamba uliosukwa na kupakwa vanishi. Rangi za kutambulisha nyaya zilikuwa kwenye huo uzi. Kilichozuia umeme ni mpira. Pamba ililinda mpira usichubuke. Jambo hili husahaulika sana sokoni, na kulisahau kunaweza kuunguza gari zima.

Soko la bidhaa hii Afrika Mashariki ni dogo lakini lipo. Land Rover za kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1958, pamoja na Morris na Austin za miaka hiyo, bado zinamilikiwa na watu binafsi katika ukanda huu. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance tangu 1970, ambako waamuzi hufungua boneti na kutoa alama kwa kila wanachokiona. Magari mapya ya aina hiyo hayaingii kirahisi. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda kwa sheria ya 2018 ilizuia yenye miaka 15 na zaidi. Wateja basi ni wenye magari yaliyoko tayari, na wanachohitaji ni vipuri.

Nyaya za zamani hazifai kuokolewa hata zikionekana nzima. Mpira ukikaa miaka 60 karibu na joto la injini na mafuta hukauka ukawa kama ganda la yai. Waya ukikunjwa, unapukutika ndani ya pamba bila mtu kuona. Pamba nayo hunyonya mafuta na unyevu, na ikikauka inawaka upesi. Hatari inazidi kwa sababu magari mengi ya Uingereza ya kipindi hicho yalikuwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa mara nyingi hazikupita kwenye fyuzi hata moja. Shoti ikitokea kwenye waya wa kahawia unaotoka kwenye betri, hakuna cha kuikata mpaka waya wenyewe uungue. Fundi makini huongeza fyuzi ya kufichwa karibu na betri, na hakuna mwamuzi atakayemlaumu.

Bidhaa sahihi ni waya wa kisasa wa plastiki, uliosukiwa uzi wa pamba juu yake kiwandani kwa rangi zile zile za zamani. Unaonekana wa kale, lakini plastiki ndiyo inayozuia umeme. Viwanda vya kazi hii viko Uingereza na Marekani. Kinachojulikana zaidi kwa magari ya Uingereza ni Autosparks, kilichoko Sandiacre karibu na Nottingham, ambacho husuka pia seti nzima ya wayaringi kwa modeli husika.

Bidhaa isiyofaa ni waya wa taa za mapambo za nyumbani. Nao umevikwa kitambaa, una rangi za kupendeza na bei yake ni ndogo, hivyo si ajabu kuuona ukipewa jina la "waya wa gari la zamani". Kwa kawaida ukubwa wake ni milimita za mraba 0.75, unaofaa ampea 6 hivi. Gari la volti 6 lenye taa kubwa mbili za wati 36 kila moja linavuta ampea 12 kwa taa hizo peke yake. Wati ni zile zile, lakini volti zikipungua nusu, ampea zinakuwa maradufu. Ndiyo maana gari la volti 6 linataka waya mnene kuliko la volti 12.

Vitabu vya magari ya Uingereza huandika ukubwa kwa mtindo wa 14/.012, yaani nyuzi 14 za shaba zenye unene wa inchi 0.012, au milimita 0.3. Huo ni sawa na milimita ya mraba 1 na hubeba ampea 8.75. Waya wa 28/.012 ni milimita za mraba 2 na ampea 17.5; wa 44/.012 ni 3 na ampea 27.5. Muuzaji asiyeweza kutaja namba hizi aachwe.

Shaba nayo ikaguliwe. Nyuzi nyeupe si lazima ziwe bandia, kwani shaba ya zamani ilipakwa bati ili isiliwe na salfa ya kwenye mpira. Kwangua kwa kisu: nyeupe nje na nyekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, nyekundu nje na nyeupe ndani ni alumini iliyovikwa shaba, ambayo hupitisha umeme kidogo zaidi na hukatika upesi kwa mtikisiko.

Mwenye bajeti ndogo anaweza kununua waya wa plastiki wa kawaida, kisha akaufunika fungu zima kwa mrija wa pamba uliosukwa au utepe wa pamba usio na gundi. Mafundi wanaosuka mota za umeme hutumia utepe wa namna hiyo, kwa hiyo si lazima uagizwe Ulaya. Mrija uvishwe kabla terminali hazijabanwa, la sivyo haupiti.

Kwenye forodha, seti ya wayaringi iliyokamilika huingia chini ya namba 8544.30, tofauti na waya wa rola. Ankara iliyoandikwa "vipuri vya gari" pekee inakaribisha maswali. Cheti rahisi cha uasili kinachotumika mipakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya, hivyo hakisaidii waya wa Uingereza unaopitia Mombasa kwenda Kampala.

Anayeagiza seti nzima ataje mwaka, volti, na upande wa usukani. Gari la Kenya, Uganda au Tanzania lina usukani kulia, lakini la Burundi, Rwanda au Kongo huenda likawa nao kushoto, na urefu wa nyaya za dashibodi haulingani.