Mikimbio 285 ng'ambo ya Rusumo

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara, saa chache za basi zinakufikisha Kigali. Pembeni mwa jiji hilo, Gahanga, kuna uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017. Hapo ndipo Fatuma Kibasu wa Tanzania aliposhika gongo dhidi ya Mali tarehe 22 Juni 2019, na ova 20 zikaisha Wamali hawajamtoa. Alikuwa amefikisha mikimbio 108 peke yake. Tanzania ilipata 285 kwa kupoteza wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja tu ndiye aliyetolewa. Mali wakaambulia 17.

Kwa sisi wa huku, tuliozoea kubishana juu ya Simba na Yanga, hesabu hiyo inahitaji maelezo kidogo. Ova 20 ni mipira halali 120, na wapigaji wawili wanagawana. Anayefikisha mia ndani ya mipira hiyo michache hana nafasi ya kupumzika: lazima mpira uvuke mpaka mara kwa mara, ama ukiviringika kwa mikimbio minne, ama ukipaa kwa sita.

Na Kibasu hakuwa wa kwanza kufikisha mia wiki ile. Siku mbili kabla, kwenye uwanja huohuo, Uganda waliwafunga Mali hao hao mikimbio 314, idadi ambayo hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imeifikia katika mechi ya kimataifa ya ova 20. Prosscovia Alako alipata 116, Ritah Musamali 103 bila kutolewa. Mali walijibu kwa 10.

Hapa ndipo sifa inapoanza kunikwama kooni. Mali walikuwa wageni kabisa wa mashindano. Tarehe 18, katika mechi yao ya kwanza yenye hadhi ya kimataifa, Rwanda waliwatoa wote kwa mikimbio 6, mitano kati yake ikiwa ya ziada, isiyotoka kwenye gongo la mtu. Zamani mechi ya namna hiyo ingesahaulika jioni ileile. Lakini tangu Julai 2018, Baraza la Kimataifa la Kriketi lilikuwa limezipa hadhi kamili mechi zote za ova 20 za wanawake baina ya nchi wanachama. Kitabu cha rekodi kikafunguliwa kwa wote, wakongwe na wanagenzi, na kitabu hakiulizi mpinzani alikuwa nani.

   

Mashindano ya Gahanga yenyewe, Kwibuka, yalianzishwa mwaka 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Ngara inaujua mwaka huo bila kusimuliwa: mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka kambi kubwa ya wakimbizi. Kriketi nayo iliingia Rwanda na waliorejea baada ya vita kutoka nchi jirani walikokulia, Uganda, Kenya na Tanzania.

Kombe la 2019 lilibebwa na Tanzania. Binafsi ninalithamini kuliko zile 285, kwa kuwa ili kulipata walilazimika kuwashinda pia wanaojua kucheza. Kibasu aliendelea: Septemba 2021, Gaborone, alipiga 127 bila kutolewa dhidi ya Eswatini.

Rekodi ya Uganda ilidumu hadi Machi 2022, Bahrain walipopata 318 dhidi ya Saudi Arabia. Oktoba 2023 Argentina wakawapiga Chile 427.