Mjumbe wa Serikali Mlangoni mwa Mwenyeji

Tarehe 29 Oktoba, 1966, ndege ya shirika la Pan American iliyokuwa imetoka Conakry, mji mkuu wa Guinea, ilitua katika uwanja wa ndege wa Accra, nchini Ghana. Ndani yake alikuwamo Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Guinea, Louis Lansana Beavogui, pamoja na wenzake, nao walikuwa safarini kwenda Addis Ababa kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hawakuwa na shughuli yoyote Ghana, wala hawakuomba ruhusa ya kuingia Ghana. Ndege ilitua kama zituavyo ndege zote zenye safari ndefu, ili baadaye iendelee na safari yake. Lakini Waguinea hao hawakuendelea nayo. Waliteremshwa na kuwekwa kizuizini.

Serikali iliyotoa amri hiyo ilikuwa baraza la maofisa wa jeshi na polisi, lile lililomwondoa madarakani Dakta Kwame Nkrumah tarehe 24 Februari mwaka huo huo. Nkrumah alikuwa amekwisha kupata hifadhi Conakry, ambako Rais Sékou Touré alimpa heshima ya kuwa rais mwenziwe. Watawala wapya wa Accra walidai kwamba wapo Waghana wanaozuiwa nchini Guinea kinyume cha hiari yao, wakatangaza kuwa wajumbe wale hawataachiwa mpaka Waghana hao warudishwe. Guinea nayo, kwa kuwa ndege ilikuwa ya Kimarekani, ilimtia kizuizini nyumbani kwake balozi wa Marekani mjini Conakry. Basi mtu aliyekuwa akienda kwenye kikao cha umoja akawa rehani katika ugomvi, na balozi wa nchi ya tatu akawa rehani ya rehani.

Ilibidi Umoja wenyewe uingilie kati ndipo Waguinea hao walipoachiwa mwanzoni mwa mwezi wa Novemba. Jambo lililowachoma wengi ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba, 1965, wakuu wa nchi za Afrika walikutana katika mji huo huo wa Accra na kuupitisha Mkataba wa Haki na Kinga za Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mkataba huo ulisema wazi kwamba mjumbe wa nchi mwanachama asikamatwe, si awapo kikaoni tu, bali hata awapo njiani kwenda na kurudi. Wino wake ulikuwa haujatimiza miezi kumi na mitatu.

Mambo haya ya pasipoti na viza za wajumbe huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni ya mabalozi na makatibu wa wizara peke yao. Sivyo. Hakuna ujumbe wa mkuu wa nchi usio na maofisa wa ulinzi ndani yake, na mara nyingi mkutano wa mawaziri wa ulinzi au wakuu wa polisi huwa wa sare tupu. Zaidi ya hayo, anayesimama mlangoni mwa nchi si balozi. Ni ofisa wa uhamiaji akiwa na askari polisi ubavuni mwake, na mara nyingine uwanja wenyewe ni wa jeshi. Amri hutoka juu, lakini mkono unaomteremsha mgeni kutoka ndani ya ndege ni mkono wa askari.

Sheria ya asili haina utata: kila nchi ina mamlaka kamili juu ya mlango wake. Humruhusu imtakaye, na humkatalia imtakaye bila kutoa sababu. Viza, yaani ile ruhusa igongwayo muhuri katika pasipoti, ni alama ya mamlaka hayo. Hata mwenye pasipoti ya kidiplomasia huiomba panapohitajika, na rangi ya jalada la pasipoti haimpi mtu haki ya kuingia. Kanuni za Marekani ni mfano mzuri wa jambo hili. Viza za maofisa wa serikali za kigeni ziko katika daraja la A, na wale waendao kwenye vikao vya mashirika ya kimataifa hupewa za daraja la G. Kinachoamua daraja si pasipoti bali ni kazi ya safari. Kanali mwenye pasipoti ya kidiplomasia aendaye kumtazama mwanawe chuoni huomba viza ya kawaida kama mzazi mwingine yeyote, na akitumwa na serikali yake hapewi ruhusa ya kuingia kwa viza ya mtalii, hata kama safari yake ni ya siku mbili. Anayesamehewa kanuni hiyo ni mkuu wa nchi, maana yeye huhesabiwa yumo kazini siku zote.

Lakini sheria hiyo ya asili ilipata mpaka wake baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mataifa yalipoamua kuwa na kikao cha pamoja, ilibidi kikao hicho kiwekwe katika ardhi ya mtu, na mwenye ardhi asipate nafasi ya kuchagua nani aingie kikaoni. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa na Marekani walitiliana saini, tarehe 26 Juni, 1947, mapatano juu ya makao makuu ya New York. Mapatano hayo yanasema kwamba wajumbe wasizuiwe njiani, kwamba uhusiano wa serikali yao na Marekani usitazamwe, na kwamba viza zao zitolewe bila malipo na kwa haraka iwezekanavyo. Yaani mjumbe huomba viza kama wengine, ila mwenyeji hana hiari ya kumnyima. Anayekubali heshima ya kuwa mwenyeji wa kikao amekubali kupunguza uhuru wake wa kufunga mlango. Heshima hiyo ina bei yake.

Marekani ililipa bei hiyo kwa miaka mingi, japo kwa kunung'unika. Mwaka 1960 Fidel Castro wa Kyuba aliingia New York, ingawa alitakiwa asitoke nje ya kisiwa cha Manhattan. Alipogombana na hoteli ya kwanza alihamia hoteli ya Theresa katika mtaa wa Harlem, akalala miongoni mwa Wamarekani weusi, na waliomwekea mpaka ule hawakufurahia. Tarehe 13 Novemba, 1974, Yasser Arafat wa Chama cha Ukombozi wa Palestina alihutubia Baraza Kuu bila kikwazo.

Mwaka 1988 mambo yaligeuka. Wapalestina walikuwa wametangaza uhuru wa nchi yao mjini Algiers tarehe 15 Novemba, na Arafat akaomba viza ili alieleze Baraza Kuu jambo hilo. Tarehe 26 Novemba Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, George Shultz, alimnyima, kwa hoja kwamba alihusika na ugaidi. Mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema mapatano ya 1947 yamevunjwa. Baraza Kuu liliitaka Marekani ibadili uamuzi wake, nayo ikakataa. Ndipo tarehe 2 Desemba wajumbe, kwa kura 154 dhidi ya 2, walipoamua kuhamisha mjadala wote. Mbili zile zilikuwa za Marekani yenyewe na Israeli, na Uingereza haikupiga upande wowote. Tarehe 13 Desemba Arafat alizungumza Geneva. Aliyezuiwa alisikika kuliko ambavyo angesikika New York, na siku iliyofuata Marekani yenyewe ilikubali kufungua mazungumzo na chama chake.

Somo hilo halikukaa. Mwezi Agosti, 2025, Marekani ilizikataa na kuzifuta tena viza za viongozi wa Palestina waliotaka kwenda New York, na Baraza Kuu likapiga kura, 145 kwa 5, kumruhusu Rais Mahmoud Abbas azungumze kwa njia ya video. Safari hii kikao hakikuhama.

Katika nchi zilizo jirani zetu mtihani kama huo uliletwa na mtu mmoja, Rais Omar al-Bashir wa Sudan, baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kutoa hati za kumkamata mwaka 2009 na 2010. Nchi iliyojiunga na mahakama hiyo ina wajibu wa kumkamata. Nchi hiyo hiyo, ikiwa mwenyeji wa kikao cha Umoja wa Afrika, inatazamiwa kumpokea. Kenya ilimpokea tarehe 27 Agosti, 2010, siku ya kutangazwa kwa Katiba mpya. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru akamatwe endapo angerudi, na Sudan ikamtaka balozi wa Kenya aondoke Khartoum, hata ikabidi waziri atumwe haraka kwenda kuutuliza mgogoro.

Malawi nayo ilimpokea mwezi Oktoba, 2011, wakati wa Rais Bingu wa Mutharika. Mutharika alifariki Aprili, 2012, na Bibi Joyce Banda aliyeshika nafasi yake alikuwa na nchi yenye upungufu wa mafuta na fedha za kigeni, na wafadhili waliokuwa wamefunga mikono. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika ulikwisha kupangwa kufanyika Lilongwe mwezi Julai. Malawi haikutaka Bashir aje. Umoja haukukubali mwenyeji achague wageni. Mwezi Juni Malawi ilitangaza kwamba haitakuwa mwenyeji, na kikao kikafanyika Addis Ababa. Wapo waliomlaumu Bibi Banda kwa kuwasikiliza wafadhili kuliko ndugu zake. Hata hivyo njia aliyoichukua ilikuwa nyoofu kuliko ya Accra ya mwaka 1966: aliyeona hawezi kulipa bei ya uenyeji aliurudisha uenyeji kabla wageni hawajapanda ndege.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine mwezi Juni, 2015. Bashir aliwasili Johannesburg kwa mkutano wa Umoja wa Afrika. Jumapili tarehe 14 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru asiondoke nchini mpaka shauri lisikilizwe, na kwamba amri hiyo ipelekwe kwa ofisa msimamizi wa kila kituo cha kuingilia na kutokea. Jumatatu, mawakili wakiwa bado mahakamani, ndege ya Sudan ilipaa kutoka Waterkloof, kituo cha Jeshi la Anga nje kidogo ya Pretoria. Mahakama ilitoa amri ya kumkamata, kisha ikaarifiwa kwamba amekwisha kuondoka. Maelezo yaliyotolewa baadaye na Wizara ya Mambo ya Ndani yalikuwa kwamba pasipoti ya Bashir haikuwa miongoni mwa zile alizoonyeshwa ofisa wa zamu pale Waterkloof.

Fikiri hali ya ofisa yule. Kwa upande mmoja ipo amri ya mahakama. Kwa upande wa pili upo msafara wa rais wa nchi, walinzi wake, magari ya serikali, na fungu la pasipoti lililoletwa na wakubwa. Hakuna kitabu cha mafunzo kinachomwandaa mtu kwa asubuhi kama ile.

Serikali ilijitetea kwa kusema kwamba mapatano yake ya uenyeji na Umoja wa Afrika yaliwapa wajumbe wote kinga. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufani, majaji waliyasoma mapatano hayo kwa makini, na mwezi Machi, 2016, walitoa hukumu: kinga iliyoandikwa mle iliwahusu watumishi wa Umoja na wajumbe wa mashirika ya kiserikali. Wakuu wa nchi wanachama hawakutajwa.