Bhakti ni Ubia

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi Rwanda mwaka 2017, sisi tunaokifundisha huku Rubavu tunaletewa orodha za istilahi kama mvua za masika. Katika orodha ya mwisho, ile ya dini za dunia, neno la Kisanskriti bhakti, mapenzi ya Mhindu kwa Mungu wake, limefasiriwa kuwa “uchaji”. Kamati iliyopitisha jambo hilo siijui, na hata ningeijua nisingeitaja. Niwieni radhi wakubwa, lakini tafsiri hiyo imekiua kile ilichotumwa kukileta.

Uchaji umetokana na kucha, yaani kuogopa. Mcha Mungu ni mwenye hofu ya Mungu, na hofu hiyo ina heshima yake misikitini na makanisani. Lakini Mirabai, binti wa kifalme wa Rajasthan katika karne ya 16, hakumwimbia mungu Krishna kwa kumwogopa. Alimwimbia kama mume wake, na mapokeo yanasema wakweze walipomletea sumu aliinywa, isimdhuru. Narsinh Mehta wa Junagadh, baba wa ushairi wa Kigujarati, inasimuliwa kwamba Wabrahmini wenzake walimtenga kwa kwenda kuimba nyumbani kwa watu waliohesabiwa najisi. Hao ndio “wachaji” wetu?

“Ibada” nayo haitoshi. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa abdi, mtumwa, na humo mna utii zaidi ya mapenzi. Tena ni jumla mno: kila dini ina ibada, lakini si kila ibada ni bhakti. Yuko na mshairi mmoja wa pwani, ambaye beti zake nazipenda kuliko hoja zake, anayeshikilia “mahaba”. Mahaba yamekwisha kumilikiwa na taarabu. Mwanafunzi akilisikia atatafuta udi na marashi kabla ya kumtafuta Krishna.

Turudi kwenye mzizi, mahali ambapo kamati huwa hazina subira ya kufika. Bhakti imetoka katika bhaj: kugawa, kupata fungu, kushiriki. Maana ya kupenda na kuabudu imeota juu ya hiyo ya fungu, na ndugu zake wote wanashuhudia. Bhaga ni fungu au bahati. Bhagavan ni Mwenye mafungu, mwenye neema zote, na ndiye aliyekipa jina kitabu cha Bhagavad Gita. Bhajan, nyimbo zinazosikika katika mahekalu ya Wahindu kuanzia Mombasa hadi Kampala, zimetoka hapo hapo. Bhakta ni mfuasi wa bhakti, lakini katika Kisanskriti cha kale neno hilo lilimaanisha pia chakula kilichogawiwa, na ndilo lililozaa bhat, wali wa Kihindi. Chakula kinachotolewa kwa mungu kisha kikagawiwa waumini, prasad, watu wa pwani wanacho kifani chake kwenye maulidi: tabaruku. Fungu, wali, wimbo, Mungu, vyote katika shina moja, nasi tunaambiwa tuandike “hofu”!

Ukitafuta kwa pupa neno la Kiswahili lenye maana ya kushiriki, utaangukia “ushirika”. Mimi pia nilisimama hapo kwa muda. Lakini shina lake la Kiarabu limezaa vilevile ushirikina, na hakuna haja ya kumfungulia mlango mtu aliyekwisha kuamua kwamba dini ya jirani yake ni uchawi.

Ndiyo maana ninasema ubia. Mbia ni mtu mliyeweka mtaji pamoja, mkagawana faida na hasara. Wafanyabiashara wa Kigujarati waliofungua maduka Afrika Mashariki wanamwita mtu huyo bhagidar, na bhag hiyo ni bhaj ile ile. Kigujarati chenyewe, basi, kimeweka mbia na mja katika nyumba moja. Wahindi hao tulichukua kwao na kwa jamaa zao laki, hundi, bima na gari. Tukachukua kila kitu cha dukani, tusiulize walichokuwa wakikiimba baada ya kufunga duka.

Pendekezo langu lilipofika mbele ya wahusika, jibu la kwanza lilikuwa kicheko. Bia! Tena kutoka Gisenyi, mji wetu wa Rubavu wenye kiwanda cha bia cha Bralirwa! Waheshimiwa hao hawakumbuki kwamba kula bia, kila mtu akatoa chake mezani, ni Kiswahili safi kisichohitaji chupa.

Jibu la pili lilikuwa na uzito zaidi: Mungu hana mbia. Kwa Mwislamu kauli hiyo ni msingi wa imani, nami siigusi. Lakini kazi ya istilahi ni kueleza imani ya mwenye nayo. Kitabu cha Bhagavata Purana kinataja njia tisa za bhakti. Ya kwanza ni kusikiliza na ya pili ni kuimba. Ya saba ni utumishi, nao wapenda ibada wana fungu lao hapo. Ya nane ni urafiki, na ya tisa ni kujitoa nafsi nzima. Woga haumo. Katika Gita yenyewe Arjuna ni rafiki wa Krishna, na Krishna ndiye anayemwendeshea gari la vita.

Sura ya tisa ya Gita inasema wazi kwamba dunia hii inapita na haina raha, sukha. Wapo wataalamu wanaolichambua neno hilo kuwa tundu zuri la ekseli, na duhkha, mateso, kuwa tundu baya. Aliyepata kusukuma chukudu, skuta ya mti, yenye mzigo wa viazi upande wa Goma, gurudumu likikwaruza mti, hahitaji ufafanuzi. Wala Rubavu haihitaji kufundishwa duhkha: volkano ya Nyiragongo ililipuka Mei 2021, mitetemeko ikapasua nyumba zetu huku wakimbizi wa Goma wakimiminika, Mei 2023 mto Sebeya ukafurika ukabeba watu na makazi. Sasa, baada ya kuitaja dunia hiyo isiyo na raha, kitenzi ambacho Krishna anamwamuru nacho Arjuna ni bhaj. Hamwambii asubiri dunia itengenezwe, wala hamwambii ajifanye haumii. Anamwambia achukue fungu lake kwake. Furaha ya bhakta ni gawio la ubia huo, nalo hutolewa hata mwaka wa hasara. Tia “ogopa” mahali pa kitenzi hicho, na mtu aliyefukiwa na tope la Sebeya utakuwa umemwongezea hofu juu ya tope.

Kwa matumizi: bhakti ni ubia wa kimungu, kwa ufupi ubia, bhakta ni mbia, wingi wabia, bhajan ni wimbo wa ubia, prasad ni tabaruku. Na anayetaka kuliacha neno la Kisanskriti lilivyo aliandike bhakti, kwa h yake. Orodha ile imeandika “bakti”, kosa ambalo sijaona hata mjumbe mmoja akijitokeza kulidai kuwa lake.