Moshi wa Motokaa Kuukuu, na Jinsi Mafundi wa Kariakoo Walivyojifunza Kuusoma

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Nataka tuzungumze habari za moshi utokao katika bomba la motokaa, na namna mafundi wa Dar es Salaam walivyojifunza kuusoma. Wewe unayeweka akiba kidogo kidogo ili ununue motokaa iliyokwisha tumika, tega sikio. Alama nyingi ulizoambiwa na wazee zilikuwa za kweli katika zamani zao, na baadhi yake leo zaweza kukutia hasara.

Ukitoka Mchafukoge, penye maduka ya mjini, ukavuka Mnazi Mmoja, unaingia Kariakoo. Jina hilo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji, Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa pale. Katika vita ile mizigo ilibebwa na watu, kwa sababu mbung'o waliua wanyama, na motokaa zilikuwa chache na njia mbovu. Leo mtaa huo wa wapagazi ndio watu wanaouendea kutafuta pistoni na ringi, hasa upande wa Gerezani.

Elimu ya moshi ilikua wakati wa dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Kulikuwa na sheria kwamba Jumapili, baada ya saa nane mchana, motokaa za watu binafsi zisitembee, ili petroli isipotee. Spea hazikupatikana. Basi injini ambayo kwingine ingetupwa, hapa ilifunguliwa tena na tena: silinda ikachongwa, slivu ikatiwa, valvu zikasagwa kwa mkono. Fundi asiye na kipimo alikuwa na macho, pua na kidole chake.

Kwa macho aliona rangi tatu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa kitambo tu asubuhi, baada ya motokaa kulala, sili za valvu zimekwisha na oili imedondoka usiku ndani ya silinda. Lakini ukizidi kila dereva anapokanyaga mafuta kupanda mlima, shaka iende kwenye ringi, na hiyo ni gharama kubwa. (Vespa kuukuu msiihukumu kwa kanuni hii, oili yake huchanganywa na petroli tangu mwanzo, hivyo moshi kidogo ni desturi yake.) Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba au kabureta imeharibika, na katika gari la dizeli ni nozeli au pampu. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani, mara nyingi kwa sababu gasketi ya hedi imeungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaotoweka upesi hauna neno.

Kwa kidole, fundi alipapasa ndani ya bomba. Akiona vumbi la kijivu kama majivu, alisema injini nzima. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Majivu yale yalitokana kwa sehemu kubwa na madini ya risasi yaliyokuwa katika petroli. Desemba 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini isigonge. Dunia nzima ikaitumia, ijapokuwa risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na mwisho wa 2005 ulipofika, petroli hiyo ilikuwa imekoma kwetu. Tangu hapo hata injini nzima huweza kuacha masizi meusi makavu katika bomba. Ukiyaona usikimbie. Masizi yenye utelezi wa oili ndiyo ya kuogopa.

Motokaa zenyewe nazo zilibadilika. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye zikamiminika motokaa kutoka Japani. Japani ina sheria ya ukaguzi tangu 1951: motokaa mpya ya mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kadiri inavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyotumia fedha nyingi kuipitisha. Wengi huona heri kuiuza. Nao huendesha kushoto kama sisi.

Motokaa hizi zina kitu katika bomba ambacho mafundi hukiita masega. Kazi yake ni kuteketeza moshi wenye sumu, na ikiwa injini inakula oili kidogo, masega huweza kuuteketeza moshi wa bluu usionekane. Hivyo bomba safi si ushahidi. Chomoa kijiti cha oili utazame kimo chake, kisha utazame tena baada ya siku chache za kutembea.

Kuna desturi nyingine ya zamani ambayo mimi naona imekwisha kupitwa na wakati. Motokaa ikichemka, fundi huitoa thamostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Injini za sasa huongozwa na kompyuta. Ikidhani injini bado baridi, huongeza petroli, moshi mweusi ukatoka, na petroli ile ikaosha oili kwenye kuta za silinda. Kadhalika maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, nayo hula hedi ya alumini mpaka maji yakapata njia ya kupita. Wenye motokaa wengi hulaumu joto la pwani bure.

Ukienda kutazama motokaa, mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuiona ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti ufikapo. Ikiwa ina moto, imekwisha washwa, na moshi wa kwanza hutauona tena siku ile, rudi kesho.

Swali kwa vikundi: motokaa imelala usiku kucha. Asubuhi imetoa moshi wa bluu kwa nusu dakika, ukakoma, na mlimani haikutoa kitu. Muuzaji asema ringi zimekufa, lakini atapunguza bei. Je, kikundi chenu kinasema nini?