Kitabu ambacho maboyi wa Elisabethville waliandika

LUBUMBASHI – Wapenda vitabu wa mji wetu, tukikutana, tunazungumzia Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ao Fiston Mwanza Mujila na kitabu chake Tram 83. Ni vizuri. Lakini kuna kitabu kingine kilichozaliwa hapahapa, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, na ni wachache wanaokijua: Vocabulaire de ville de Elisabethville.

Jina lisikudanganye. Si kamusi. Ni historia ya inchi kuanzia wakati wa Léopold II, na ya mji wetu tangu ulipoanza mwaka wa 1910, mpaka kisha uhuru. Kilitoka mwaka wa 1965, mwaka mmoja tu mbele Elisabethville haijaitwa Lubumbashi. Aliyekiandika ni André Yav, kwa jina la chama cha wazee waliokuwa wametumika katika nyumba za wazungu. Maboyi, ndivyo walivyoitwa, hata wenye mvi na wajukuu.

Nani alijua wazungu kuliko wao? Boyi alikuwa ndani wakati bwana anakula, wakati anagombana na bibi yake, wakati anafunga masanduku ya kurudi Ulaya. Wakubwa wa Union Minière na wa serikali waliandika ripoti zao na kuziweka katika ofisi. Wazee hawa hawakuwa na ofisi wala mtu wa kuwachapishia kitabu. Walipiga kurasa zaidi ya 30 kwa mashini ya kuandika, wakatoa nakala, zikapita mkono kwa mkono. Ndani yake wanahesabu mabwana, majina ya utani waliyowapa, kazi na mshahara.

Kukisoma si kazi ndogo. Yav aliandika kama alivyosikia: maneno mengine yameshikamana, mengine yamekatwa katikati, na alama za kupumzikia ni chache. Mtu aliyezoea Kiswahili cha masomo anaweza kusema kimejaa makosa. Mimi pia nilisema hivyo mara ya kwanza, na leo naona haya.

Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kukielewa hakukimbilia kamusi. Kalundi Mango, mtu wa hapa, alikisoma kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyofungua maandishi. Hilo nalipenda sana. Profesa alihitaji masikio ya mwana-Katanga ili maandishi ya boyi yaseme. Mwaka wa 1990 kitabu kikatoka Amsterdam: kurasa za Yav kama zilivyokuwa, usomaji wa Kalundi, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya lugha ya Walter Schicho. Kisha maandishi yakawekwa kwenye intaneti, yasomwe bure.

Basi mwanafunzi wa Amsterdam anaweza kukitoa kwenye rafu. Mimi nilikisoma kwenye simu, megabaiti zikiisha ukurasa kwa ukurasa. Sisemi Fabian alikosea, maana bila yeye labda karatasi zile zingefungiwa karanga sokoni. Lakini wazee wale waliandika ili wakaaji wa mji huu wasome, na hawa ndio wanaokikosa mkononi.

Mwezi uliopita nilimsomea mzee mmoja wa Katuba, aliyeanza uboyi akiwa kijana, mbele ya uhuru. Nilisoma polepole, nikijikwaa. Akafunga macho. Mara mbili alinikatiza kurekebisha namna nilivyotamka. Penye mambo ya mshahara alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

“Mutoto yangu,” akasema, “soma tena pale.”

Nikasoma tena, mpaka betri ikaisha. Akauliza: “Hii kitabu banauzisha wapi? Nataka bajukuu basome.”

Nikamwambia Ulaya.

“Ulaya?” akasema. “Na sisi ndio tulikuwa tunafagia!”