Sauti katika filamu za majaribio ya nyuklia

Sauti katika filamu za majaribio ya nyuklia ni kishindo kinachosikika katika filamu zilizopigwa wakati mabomu ya nyuklia yalipojaribiwa hewani, hasa na Marekani kati ya miaka 1945 na 1962. Katika nyingi ya filamu hizo sauti haikurekodiwa penye mlipuko, bali iliongezwa baadaye studioni. Ndiyo sababu mwako na kishindo hutokea kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa mtazamaji aliye mbali.

Mwanga na sauti

Mwanga husafiri takriban km 300,000 kwa sekunde, lakini sauti husafiri hewani takriban mita 340 tu kwa sekunde. Kwa mfano, Kwihara, kituo cha zamani cha misafara, iko takriban km 6 kutoka Tabora mjini. Radi ikipiga Tabora mjini, mtu aliyeko Kwihara huona mwako papo hapo, ila ngurumo humfikia baada ya sekunde 17 au 18.

Historia

Jaribio la kwanza, Trinity, lilifanyika New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Upigaji picha uliongozwa na Berlyn Brixner. Baadaye Harold Edgerton na wenzake walibuni kamera ya rapatroniki, iliyoweza kupiga picha moja kwa muda usiofika sehemu ya milioni ya sekunde.

Kati ya rekodi chache zenye sauti halisi ni ile ya jaribio la Annie, lililofanyika Nevada tarehe 17 Machi 1953. Bomu lilikuwa na nguvu ya kilotoni 16, na waandishi wa habari walikaa umbali wa takriban km 11. Mwako unaonekana kwanza. Kishindo kinafuata baada ya nusu dakika hivi.

Kuhifadhi filamu

Filamu hizo ni ushahidi wa kisayansi, kwa kuwa nguvu ya bomu hukadiriwa kwa kupima jinsi tufe la moto linavyopanuka. Nyingi zimeanza kuoza na kutoa harufu ya siki, hivyo maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani imekuwa ikizinakili kidijitali.

Afrika

Ufaransa ilijaribu bomu lake la kwanza Reggane, Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Leo milipuko hufuatiliwa na mtandao wa vituo uliowekwa chini ya mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Kenya ina kituo cha infrasauti, yaani mawimbi ya sauti yaliyo chini ya hezi 20, ambayo sikio la binadamu haliyasikii lakini husafiri maelfu ya kilomita. Kituo cha Dar es Salaam, Tanzania, hakisikilizi sauti, bali huchunguza chembe za mnururisho hewani.