Jiko Lenye Kiuno

Angalia jiko la makaa la nyanya yako: pana juu, jembamba kiunoni, pana tena chini. Hilo umbo si la urembo.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Ukiwasha, bati linakunywa moto na kuumwaga pembeni. Unaunguza miguu, na githeri bado ni mawe.

Mwaka 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya. Miaka hiyo hiyo wabunifu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalileta kwa mafundi wetu wa mabati. Ndani ya sehemu ya juu wakaweka bakuli la udongo uliochomwa. Udongo haupitishi joto haraka kama bati, so moto unabaki pale pale kwa makaa na sufuria. Chini ya bakuli kuna matundu: majivu yanaanguka, hewa inapanda. Funga kamlango, moto unapungua. Basi.

Ya kwanza yalipasuka sana. Akina mama wakalalamika, mafundi wakarekebisha. Nani alibuni hasa? Mikono mingi mno, na jua kali ilinakili bila kuomba ruhusa. Ndivyo lilivyofika Uganda na Ethiopia. Ndivyo pia yalivyozaliwa majiko feki, yenye udongo usioiva, yanayopasuka kabla mwezi kuisha.

Nyanya yangu haangalii rangi. Anagonga bakuli kwa kidole, anasikiliza, ndio anauliza bei.